Paipu ya Maji Si Kizimba: Kwa Nini Magari ya Rali Hurudishwa Kwenye Ukaguzi

Kila msimu wa mbio za magari unapokaribia, swali lilelile huzunguka katika gereji za Ngara na kuteremka hadi Kirinyaga Road, barabara ambayo wakazi wengi wa Nairobi wangali wanaiita Grogan: paipu iwe na unene gani ili kizimba cha gari la rali kipite ukaguzi? Swali hilo limejibiwa mara nyingi na bado linaulizwa, kwa sababu limejengwa juu ya dhana potofu kwamba mkaguzi hutafuta unene. Kizimba cha usalama, yaani fremu ya mirija ya chuma inayojengwa ndani ya gari ili paa lisiwaponde dereva na mwelekezi wake gari linapobingirika, hakipimwi kwa unene peke yake, bali kwa ushahidi kwamba kila mrija, kila kona na kila kiungo kitafanya kazi yake katika sekunde chache ambazo hakuna mtu atakayeweza kurekebisha lolote.

Kanuni zenyewe hazina fumbo. Kifungu cha 253 cha Kiambatisho J cha kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ambalo humu nchini huwakilishwa na Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya, KMSF, kinataka mirija itokane na chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3 na chenye uwezo wa kuhimili mvuto usiopungua niutoni 350 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. Tao kuu, ambalo ni mrija mmoja usiokatwa unaopanda kutoka sakafuni upande mmoja, ukapita chini ya paa nyuma ya viti na kushuka upande wa pili, linatakiwa kuwa na kipenyo cha nje cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2.0, na mirija mingi iliyobaki milimita 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Hivyo ni vipimo vya chini kabisa.

Hapo ndipo hoja ya paipu ya maji inapozaliwa. Paipu inayouzwa madukani kama ya inchi moja na nusu hupewa jina hilo kwa makadirio ya upana wake wa ndani, lakini kipenyo chake cha nje ni milimita 48.3, na ile ya daraja la kati ina ukuta wa milimita 3.2. Fundi anayeziweka namba hizo kando ya 45 na 2.5 huona kwamba paipu imeushinda mrija wa kanuni kwa kipenyo na kwa unene, tena inapatikana siku hiyohiyo bila kuagizwa ng'ambo, kwa hiyo huhitimisha kwamba mkaguzi anayeikataa ni mkaidi au ana njama na wauzaji wa vifaa vya kigeni. Namba hizo ni sahihi. Hitimisho ndilo batili, na halina budi kubomolewa kipande kwa kipande, kwa kuwa kuna watu wanaokabidhi vichwa vyao kwa magari yaliyojengwa kwa kulifuata.

Paipu ya maji hutengenezwa ili maji yasivuje, wala mtengenezaji wake hakuahidi jambo jingine. Kiwango cha Ulaya cha EN 10255, kinachohusu paipu za aina hii, kinakubali chuma ambacho nguvu yake ya kukatika huanzia niutoni 320 kwa milimita mraba, chini ya zile 350 za kanuni, na ambacho kinaweza kuanza kupinda bila kurudi kwenye niutoni 195. Paipu moja inaweza kuwa bora kuliko kima hicho na nyingine ikawa imekifikia kwa shida, na hakuna jicho wala kidole kinachoweza kuzitofautisha zikiwa zimelala kwenye rafu moja. Alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, inayoonekana kwenye paipu inathibitisha kwamba inafaa kwa kazi iliyotengenezewa; haiwezi kugeuzwa kuwa cheti cha kuhimili gari linaloangukia paa lake.

Kisha kuna mshono. Kwa kawaida paipu ya maji huanza kama bati refu linalokunjwa na kingo zake kuunganishwa kwa joto, ilhali mrija unaotakiwa hutobolewa kutoka kipande kizima cha chuma, kisha huvutwa kupitia tundu jembamba ukiwa baridi, hatua ambayo hukikaza chuma na kuufanya ukuta uwe na unene unaotabirika. Mshono wa paipu unatosha kwa shinikizo la maji, ambalo husukuma ukuta kwa usawa kutoka ndani, lakini katika gari linalobingirika mrija hupindwa, husokotwa na kugandamizwa kwa wakati mmoja, na nguvu hizo huishia mahali palipo dhaifu. Fundi akiikunja paipu huku mshono ukiwa upande wa nje wa kona, ameuweka mstari huo mahali penye mvuto mkubwa kuliko pote, na baada ya rangi kupakwa hata yeye hawezi kusema mshono uko wapi.

Kukunja nako kuna sheria yake, ambayo paipu na zana za kuikunjia huivunja mara nyingi. Kanuni inataka mrija ukunjwe baridi, nusu kipenyo cha kona, kipimwacho kwenye mstari wa katikati ya mrija, kisipungue mara tatu ya kipenyo chake, yaani milimita 135 kwa mrija wa milimita 45, na pale mrija unapobonyea kidogo kwenye kona, upana wake mdogo usipungue asilimia 90 ya upana wake mkubwa. Njia ya kujaza mchanga na kupasha moto, inayosifiwa kwa kutoa kona zisizo na makunyanzi, huharibu ukakamavu ambao chuma kilipata kilipovutwa baridi, na huuharibu palepale penye kona, mahali unapohitajika zaidi. Mashine ya haidroli ya mafundi bomba, inayoisukuma paipu katikati ya viegemeo viwili, huibonyeza kona mpaka inapoteza umbo la duara. Kinachohitajika ni mashine inayouzungusha mrija ukiwa umekumbatiwa na ganda lenye kipenyo chake halisi.

Paipu iliyopakwa zinki ili isishike kutu ina hatari kubwa zaidi inapochomelewa. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, kwa hiyo kabla ya kiungo kuungana zinki imekwisha kuwa mvuke, na mvuke huo ukinaswa ndani ya chuma kinachoganda huacha vitundu visivyoonekana kwa nje. Kusaga zinki karibu na kiungo hakumalizi tatizo, kwa sababu paipu imepakwa ndani pia, mahali ambapo diski ya kusagia haifiki. Mvuke uleule humletea fundi homa ya mafusho ya metali, inayoanza saa chache baada ya kazi kwa baridi kali, maumivu ya mwili na kikohozi, na imani iliyoenea kwamba maziwa huondoa sumu hiyo haina msingi wowote, kwa kuwa maziwa huenda tumboni na mafusho yako mapafuni. Kinga ni kutochomelea chuma chenye zinki, kuwa na hewa inayopita na kuvaa kinyago kinachofaa.

Hata unene wenyewe, ambao ndio fahari ya paipu, una gharama. Mita moja ya paipu ya milimita 48.3 kwa 3.2 ina uzito wa takriban kilo 3.56, na mita moja ya mrija wa 45 kwa 2.5 takriban kilo 2.62, hivi kwamba katika kizimba chenye mita 30 tofauti hukaribia kilo 28, nazo nyingi huwa juu, usawa wa madirisha na paa. Uzito ukipanda, kitovu cha uzito cha gari hupanda nao, na gari lenye kitovu cha juu hubingirika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo chuma kilichoongezwa kwa jina la usalama huisogeza ajali karibu.

Hoja ya mwisho ya watetezi wa paipu ni ushuhuda: gari fulani lilibingirika na waliokuwamo wakatoka wazima. Gari moja lililopinduka polepole kwenye udongo laini halithibitishi lolote kuhusu lile litakalogonga mwamba kwa kona ya kioo cha mbele likiwa katika kasi, kama inavyoweza kutokea kwenye njia za Naivasha, ambako Safari Rally ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na ambako vumbi laini huficha mawe na mitaro. Kizimba kinachotafuta idhini kwa njia ya majaribio hugandamizwa kwenye tao kuu kwa nguvu ya mara 7.5 ya uzito wa gari uliojumlishwa na kilo 150. Kwa gari la kilo 1,300 hiyo ni karibu tani 11, na tao haliruhusiwi kuvunjika wala kubaki limebonyea kwa zaidi ya milimita 50. Ushuhuda wa gereji haujawahi kupimwa hivyo.

Yaliyobaki ni machache na yako wazi. Mwenye fedha anunue kizimba chenye idhini kutoka kwa watengenezaji wanaotambulika, kama vile Custom Cages au Safety Devices wa Uingereza, na OMP au Sparco wa Italia, akifunge kwa kufuata mchoro na asiongeze wala kupunguza hata kipande, kwa kuwa badiliko lisilo na kibali cha mtengenezaji hufuta idhini. Anayenunua gari lililokwisha kutumika adai kibao cha utambulisho na cheti chake halisi, kwani kibao hakihamishwi kutoka kizimba kimoja hadi kingine. Anayejenga hapa Nairobi aagize mirija isiyo na mshono pamoja na cheti cha kiwanda, amtafute fundi aliyefaulu mtihani wa uchomeleaji wa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, kisha amtake achomelee kiungo cha mfano kwa mirija ileile, kiungo hicho kikatwe katikati ili ionekane kama weldi imepenya ukuta wote. Weldi izunguke mrija mzima, isisagwe ili ipendeze wala kuzibwa kwa puti. Miguu ya tao kuu ikae juu ya bamba lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi isiyo na kutu, na kila mguu ufungwe kwenye bamba hilo kwa bolti tatu au zaidi za M8, daraja la 8.8. Mahali helmeti inapoweza kugusa chuma pawekwe pedi za kiwango cha FIA 8857-2001, si sponji ya kufunikia paipu za maji moto. Mirija isipitishe nyaya wala mafuta ndani yake, na isipakwe kromiamu. Toleo la kanuni lisomwe kulingana na aina ya gari na tarehe lilipoidhinishwa, kwa kuwa mahitaji ya mirija ya milango, ya paa na ya nguzo za kioo cha mbele hutofautiana.

Jambo moja linalogharimu kidogo kuliko yote ndilo linalopuuzwa zaidi: mkaguzi aitwe kabla ya rangi, viungo vikiwa wazi na vyeti vya mirija vikiwa mezani, kwa sababu wakati huo kosa hurekebishwa kwa siku moja, ilhali asubuhi ya ukaguzi rasmi kosa hilohilo huliondoa gari mashindanoni. Kizimba cha paipu ya maji hakitapita, kiwe kinene kiasi gani, na mwenye gari anayejua hivyo akakificha chini ya rangi nzuri anahatarisha pia uhai wa mwelekezi anayeketi kando yake kwa kumwamini.