Kampeni ya Kilima na Nyumba ya Askari

Katika nchi ya Burundi, chini ya tarafa, ambayo wenyeji huiita komini, kuna ngazi ya utawala iliyo karibu zaidi na mwananchi. Ngazi hiyo ni kilima, na mjini ni mtaa. Katika uchaguzi wa mwaka 2005 wananchi walianza kuchagua kwa kura zao halmashauri ya kilima yenye watu 5, na aliyepata kura nyingi kuliko wenziwe akawa mkuu wa kilima. Kisheria, wagombea wa ngazi hiyo husimama kwa majina yao wenyewe, wala si kwa jina la chama. Alichonacho mgombea wa namna hiyo ni ndugu, jamaa na majirani wanaokubali kupita nyumba kwa nyumba kumwombea kura.

Watu hao ni akina nani, na wanapoitoa siku yao kwa kampeni, ni nani anayebaki na kazi ya nyumbani? Swali hili ni dogo kwa kulisikia, lakini limevuruga nyumba nyingi.

Yafaa kuutazama mwambao wa Rumonge, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita 70 hivi kusini ya Bujumbura. Huko watu wanaishi kwa mawese na kwa samaki. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufaa pale mwezi usipoonekana. Mwezi mpevu ukitoka, nyavu hupumzika. Katika siku za giza, baba yumo ziwani usiku kucha, na mama yuko ufukoni tangu alfajiri kupokea samaki, kuwaanika na kuwapeleka sokoni.

Sasa tazama kalenda. Mwaka 2020 uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 20 Mei, na mwezi uliandama siku mbili baadaye. Mwaka 2025 wabunge na madiwani walichaguliwa tarehe 5 Juni, baada ya kampeni ya mwezi wa Mei. Na giza la mwezi lilikuwa tarehe 27 Mei. Uchaguzi wa vilima uliofuata ulikuwa tarehe 25 Agosti, siku mbili tu baada ya mwezi kuandama. Kwa hiyo siku za kuomba kura ziliangukia katika usiku ule ule wa kutafuta riziki. Tena kwa Waislamu wa Rumonge, ambao si wachache, kampeni ya mwaka 2020 ilikuwa ndani ya mfungo wa Ramadhani, na kura ya Juni 2025 ilipigwa wakati watu wanajiandaa kwa Idi ya kuchinja.

Basi si ajabu ugomvi ukazuka. Mke amekwenda kumwombea kura shangazi yake, samaki wamenyeshewa. Mume ametoa fedha za mafuta ya taa kununulia wapiga debe chakula, watoto wamelala njaa. Mwingine hurudi usiku, na mwenzake huanza kuuliza maswali yasiyohusu siasa hata kidogo. Aghalabu chanzo si kampeni yenyewe. Chanzo ni kwamba mtu alitoa ahadi kwa mgombea kabla hajazungumza na watu wa nyumbani mwake.

Dawa yake yafahamika. Kabla ya kukubali, mume na mke hawana budi kukaa na kuhesabu: ni siku ngapi, ni saa ngapi kwa siku, nani atapika, nani atawaangalia watoto, na ni fedha gani isiyoguswa. Bibi au shemeji akiombwa msaada mapema, husaidia kwa moyo, akishtukizwa, hunung'unika. Mume ambaye mwezi mpevu umempumzisha nyumbani aweza kuanika samaki na kuteka maji, wala heshima yake haipungui. Na yule atakayekuwa wakala wa mgombea kituoni akumbuke kwamba kura huhesabiwa pale pale baada ya kituo kufungwa. Siku hiyo hatarudi mapema.

Jambo hili ni zito zaidi katika nyumba ya mwanajeshi au polisi. Kwa mujibu wa Katiba ya Burundi, askari haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama cha siasa, wala kushiriki katika shughuli za kisiasa, wala kuonyesha upendeleo wake wa kisiasa awapo kazini. Nchini Tanzania nako Katiba inawakataza wanajeshi, polisi na askari magereza kujiunga na chama, ingawa haiwanyimi haki ya kupiga kura. Makatazo haya yana sababu. Mwaka 1993 Warundi walimchagua Melchior Ndadaye kuwa Rais tarehe 1 Juni. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo aliuawa na wanajeshi, na nchi ikatumbukia katika vita vya miaka mingi. Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 ndiyo yaliyotaka jeshi na polisi wasiegemee upande wowote wa siasa.

Lakini katazo hilo limewekwa juu ya askari. Halikuwekwa juu ya mke wake. Yeye ni raia, na halmashauri ya kilima yamhusu. Rumonge na Nyanza-Lac ndiko yalikoanzia machafuko ya mwishoni mwa Aprili 1972. Katika mauaji yaliyofuata watu wengi walikimbilia Tanzania, na waliporudi miaka mingi baadaye walikuta mashamba yao yana watu wengine. Migogoro ya namna hiyo hufika kwanza kwa wazee na wakuu wa vilima. Mwanamke anayetaka mtu mwadilifu achaguliwe huenda analitetea shamba la wanawe. Askari anayemzuia kwa kuogopa wakubwa wake anaitumia vibaya sheria isiyomhusu mkewe.

Wajibu wa askari ni kuiweka kazi yake mbali na kampeni hiyo. Pikipiki ya kazi isibebe wapiga debe. Sare isionekane mkutanoni, hata kama mwenyewe amepita tu kumchukua mtoto. Nyumba ya kambini isiwe mahali pa kugawia fulana na vitenge vya mgombea. Habari alizozipata kazini juu ya mpinzani wa jamaa yake zisivuke kizingiti cha nyumba. Na akipangiwa ulinzi katika kituo ambako mkewe ni wakala, amweleze mkubwa wake mapema ili apelekwe kwingine.

Pia aikumbuke siku yenyewe ya kura. Askari atakuwa lindoni na mke atakuwa kituoni, wote wawili tangu asubuhi hadi usiku. Watoto wao hawana katiba inayowalinda siku hiyo. Mtu wa kukaa nao na atafutwe wiki nzima kabla, na akiba ya chakula iachwe ndani.

Kura zikisha kuhesabiwa, aliyeshinda na aliyeshindwa watabaki kuwa majirani katika kilima kimoja, wakianika samaki katika ufuko mmoja. Wakigombana, askari ndiye atakayeitwa kuwaamua. Watamsikiliza ikiwa siku zote za kampeni hawakumwona akiegemea upande, na ikiwa wanajua kwamba nyumbani kwake mke alifanya kazi yake ya uraia kwa uhuru na kwa amani.