Upimaji wa Udongo Wakati wa Kung'oa Matangi ya Petroli: Mipaka ya Ushahidi wa Sampuli

Kituo cha mafuta kinapobadilisha matangi yake ya chini ya ardhi, kinachoonekana na wapita njia ni winchi na chuma. Kazi yenye uzito zaidi hufanyika katika muda mfupi ambapo tangi la zamani limekwisha kutolewa, jipya halijashushwa, na shimo liko wazi. Sampuli za udongo zinazochukuliwa wakati huo ndizo zinazoamua iwapo eneo litatangazwa kuwa safi au mmiliki atalazimika kugharimia usafishaji. Makala haya yanafafanua namna sampuli hizo zinavyochukuliwa na kiasi ambacho zinaweza kuaminiwa. Mfano unaotumika ni wa Marekani, ambako ubadilishaji huo ulifanyika kwa wingi na kwa tarehe ya mwisho iliyowekwa na serikali.

Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya matangi ya chini ya ardhi mwaka 1984. Kanuni za Shirika la Kulinda Mazingira (EPA) zilizofuata mwaka 1988 ziliwapa wamiliki miaka 10: kufikia tarehe 22 Desemba 1998, kila tangi la zamani lilipaswa kuwekewa kinga dhidi ya kutu, umwagikaji na ujazaji wa kupita kiasi, kubadilishwa, au kufungwa. Mengi ya matangi hayo yalikuwa ya chuma kitupu. Katika udongo wenye unyevu, chuma kitupu hakiliwi na kutu kwa usawa. Tundu hutokea mahali padogo huku sehemu kubwa ya ukuta ikiwa bado nzima. Matangi yaliyochukua nafasi yake ni ya fibaglasi au ya chuma chenye kinga, na mengi ya siku hizi yana kuta mbili zenye kitambuzi cha uvujaji katikati. Kuhusu uwekaji wenyewe hakuna utata mkubwa.

Utata upo shimoni. Kabla ya kung'olewa, tangi hufyonzwa mafuta yote, kisha mvuke uliobaki hudhibitiwa, aghalabu kwa kutia barafu kavu inayogeuka kuwa kabonidioksaidi na kuisukuma oksijeni nje, kwani tangi tupu lenye mvuke ni rahisi kulipuka kuliko lililojaa. Likishainuliwa, kila aliyepo hukagua ukuta wake akitafuta matundu. Desturi hiyo inaeleweka, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Tangi zima haliuondolei udongo shaka, kwa kuwa uvujaji mwingi hutokea kwenye mabomba na viungio vyake, na mafuta mengine humwagika mdomoni mwa tangi wakati gari linaposhusha shehena. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinamtaka mmiliki anayefunga tangi apime mahali ambapo uchafuzi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwapo, akizingatia aina ya mafuta, udongo wa kujazia na kina cha maji ya ardhini. Kwa vitendo, mahali hapo ni chini ya ncha mbili za tangi, kandokando ya mabomba na chini ya pampu.

Hata mahali panapofaa panaweza kutoa jibu lisilofaa. Tangi huzungukwa na mchanga au kokoto za kujazia, ambazo hupitisha petroli upesi. Sampuli ikiishia hapo, huenda ikaonesha kiasi kidogo tu ilhali udongo wa asili ulio chini yake umeloa. Aidha, petroli ni tete. Benzeni, ambayo husababisha saratani na ambayo kiwango chake cha juu katika maji ya kunywa nchini Marekani ni mikrogramu 5 kwa lita, huanza kuruka mara tu udongo unapovunjwa na kukutana na hewa. Kwa miaka mingi udongo ulishindiliwa kwenye chupa, ukafunikwa na kupelekwa maabara ukiwa kwenye barafu. Sehemu ya kilichokusudiwa kupimwa ilikuwa imekwisha kupotea njiani. Mwaka 1997 EPA iliidhinisha utaratibu mwingine: kipande cha udongo hukatwa kwa bomba dogo kikiwa hakijavurugwa, kisha hufungiwa humo au hutumbukizwa palepale katika methanoli. Matokeo mengi ya matangi yaliyong'olewa kabla ya hapo, yaani sehemu kubwa ya miaka ile 10, yanafaa kusomwa kwa tahadhari hiyo. Neno "haikuonekana" katika ripoti ya maabara halina maana sawa na "haipo".

Swali gumu zaidi ni la maji. MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa katika petroli ili iungue vizuri, huyeyuka katika maji zaidi ya mara 20 kuliko benzeni, na hainasi kwa urahisi kwenye chembe za udongo. Mvua huiosha ikashuka chini. Udongo wa shimo unaweza basi kupita kipimo wakati kilichovuja kimekwisha kufika kwenye maji ya ardhini na kuanza kusafiri. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vyake vya Charnock baada ya MTBE kugunduliwa humo. Kwa kufungwa kwa visima vilivyochafuliwa, mji ulipoteza karibu nusu ya maji yake ya kunywa, ukalazimika kununua maji kutoka nje. Matangi ya vituo vya mafuta yalikuwa miongoni mwa vyanzo vilivyobainishwa. California ilipiga marufuku MTBE katika petroli kuanzia mwaka 2004, lakini ilichukua zaidi ya muongo mmoja tangu kufungwa kwa visima hivyo kabla maji ya Charnock, yakiwa yamesafishwa kwa mitambo, hayajarudi tena kwenye mabomba ya mji.