Alanis Obomsawin: bi mkubwa aliyerekodi nyuma ya seng'enge

Wengi wetu tukisikia dokumentari tunawaza simba na pundamilia tu. Leo nawaletea bi mkubwa wa Kanada, Alanis Obomsawin, wa kabila la Abenaki, aliyezaliwa mwaka 1932.

Mama huyu alianza kama mwimbaji. Mwaka 1967 Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada ikamwita awe mshauri, na mwaka 1971 akatoa filamu yake ya kwanza kwa kutumia michoro na sauti za watoto. Staili yake ni hii: kwanza anakwenda na kinasa sauti, anakaa, anasikiliza. Kamera inakuja baadaye, mtu akishamzoea.

Kazi iliyomtoa zaidi ni ya Oka, Quebec. Mwaka 1990 mji ulitaka kupanua uwanja wa gofu hadi kwenye misonobari na makaburi ya Wamohawk. Wenyewe wakagoma, wakafunga barabara. Wakaja polisi, kisha jeshi. Mvutano ukadumu siku 78! Kamera nyingi za nje zilionyesha wanaume waliofunika nyuso. Yeye alikuwa ndani ya seng'enge, akarekodi pia akina mama, watoto na wazee. Upanuzi haukufanyika, na filamu ikatoka mwaka 1993, dakika 119.

Mimi nilichojifunza: usipoisimulia stori yako, atakusimulia aliyekuzingira. Je, mtaani kwako nani ameshika kamera? Nawakilisha.