Maandalizi ya Usaili wa Kazi kwa Njia ya Video

Usaili wa kazi kwa njia ya video ni mazungumzo rasmi kati ya mwombaji wa kazi na jopo la wasaili, ambapo kila upande huuona na kuusikia mwingine kupitia kompyuta au simu. Nafuu yake ni kubwa kwa walio mbali na ofisi za waajiri. Mkazi wa visiwani huepuka nauli ya boti na malazi ya ugenini. Mkazi wa Buseresere, Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita, huepuka safari ndefu ya barabara hadi Dodoma au Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, hata safari yake ya Mwanza ilihitaji kuvuka ziwa kwa kivuko.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba katika usaili wa kawaida chumba, mwanga, umeme na utulivu ni dhamana ya mwajiri. Katika usaili wa video, yote hayo humwangukia msailiwa. Mwombaji hodari aweza kukosa kazi kwa sababu tu jibu lake halikusikika. Hivyo basi, pamoja na kujiandaa kwa maswali, inampasa ayaandae mambo yafuatayo:

(a) Mahali. Buseresere, iliyopakana na Katoro, ni mji wa biashara katika ukanda wa dhahabu. Pikipiki, spika za maduka na makarasha ya kusaga mawe ni sauti za kila siku, na mvua inapopiga bati msemaji hasikiki. Inashauriwa kutafuta chumba chenye dari, kilicho mbali na barabara. Msailiwa aelekee dirishani. Akilipa kisogo dirisha, uso wake huonekana kama kivuli. Simu isishikwe mkononi, bali isimamishwe imara, usawa wa macho.

(b) Umeme na mtandao. Simu ichajiwe tangu usiku, kwani umeme waweza kukatika asubuhi. Mazungumzo ya saa moja kwa video huweza kutumia takribani GB 1, hivyo kifurushi kizidi kiasi hicho. Ni vyema kuwa na laini ya akiba ya kampuni nyingine, na kufanya majaribio siku iliyotangulia, saa ile ile ya usaili. Aidha, msailiwa aombe mapema namba ya simu ya mratibu, ili mawasiliano yakikatika atoe taarifa mara moja.

(c) Saa. Jopo likiwa nje ya nchi, saa zilinganishwe. Ikiwa saa 3:00 asubuhi Buseresere au Unguja, Muscat ni saa 4:00.

(d) Nyaraka. Vyeti halisi na kitambulisho viwekwe karibu, kwa kuwa jopo laweza kutaka kuviona. Majina yakitofautiana katika nyaraka, hati ya kisheria ya kuthibitisha jina itafutwe kabla ya siku ya usaili.

(e) Majibu. Msailiwa asome tena tangazo la kazi na kuandaa mfano mmoja wa kweli kwa kila jukumu lililotajwa: hali ilikuwaje, alipewa wajibu gani, alifanya nini, na matokeo yakawa nini. Aliyetunza daftari la mauzo ya duka Buseresere anao ushahidi wa uaminifu na hesabu, iwapo atausema kwa mpangilio. Anapojibu aitazame kamera, na asubiri swali likamilike, maana sauti huchelewa kidogo njiani. Asisome karatasi wala kunong'onezewa na mtu aliye pembeni. Wasaili hutambua macho yanayohamahama, na jambo hilo huharibu imani yao kwake.

Mwisho, wananchi wanatahadharishwa dhidi ya matapeli. Wito wa usaili uthibitishwe kwa mwajiri mwenyewe, kwa anwani iliyomo katika tangazo la kazi. Yeyote anayedai fedha ili kumpangia mtu usaili au kumhakikishia ajira asilipwe, bali aripotiwe Polisi. Endapo ni mtumishi wa umma, taarifa ipelekwe TAKUKURU kwa Tanzania Bara, au ZAECA kwa Zanzibar.