Mafundi Watasoma Wapi?

Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilifungua shule juu ya kilima cha Makerere, hapa Kampala. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14, wote wa kutwa, na walikuja kujifunza useremala, ujenzi na umakanika. Hicho ndicho chanzo cha Chuo Kikuu cha Makerere. Vijana wanaoingia pale leo na vitabu vya sheria au vya udaktari, wengi wao hawajui kwamba walitanguliwa na randa na msumeno.

Hatusemi hivyo kwa dharau. Madaktari na mawakili wanahitajiwa, na watoto wetu nao wanataka kuwa madaktari na mawakili. Tunachouliza ni kule walikopelekwa mafundi baada ya wasomi kuingia.

Jibu lake ni hili. Mwaka 1928 kazi ya kufundisha ufundi ilitengwa na Makerere ikawa na shule yake. Mwaka 1958 shule hiyo ikahamia kilima cha Kyambogo kwa jina la Kampala Technical Institute. Baadaye ikaitwa Uganda Technical College, na mwishowe Uganda Polytechnic Kyambogo. Kwa miaka mingi, kijana wa mfanyakazi aliyetaka stashahada ya umeme, ya ujenzi au ya mitambo alijua kilima cha kukipanda.

Mwaka 2003 Polytechnic hiyo iliunganishwa na chuo cha walimu, ITEK, na chuo cha elimu maalum, UNISE, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Miaka sita kabla ya hapo, yaani 1997, chuo cha biashara cha Nakawa kiliunganishwa na kitivo cha biashara cha Makerere, ikawa shule ya biashara ya MUBS. Hesabu mwenyewe, msomaji: katika mji mmoja, mara tatu, chuo cha mtu wa kazi kimegeuka nyumba ya digrii. Na siyo Kampala peke yake. Kenya Polytechnic ya Nairobi, iliyoanzishwa 1961, pamoja na Polytechnic ya Mombasa, zote zimekuwa vyuo vikuu vya ufundi tangu mwaka 2013.

Watetezi wa mabadiliko hayo husema kwamba stashahada bado zinafundishwa humo humo. Ni kweli. Lakini chuo kina walimu wake, karakana zake na fedha zake, na kila kimoja kati ya hivyo huvutwa upande wenye heshima zaidi. Mwalimu wa chuo kikuu hapandi cheo kwa kumfundisha kijana kunoa patasi. Hupanda kwa kuandika vitabu na kusimamia wanaotafuta shahada za juu. Hapo hakuna mtu mbaya wa kulaumiwa; ndivyo chombo kilivyoundwa.

Basi, ni nini kilichobaki? Serikali inavyo vyuo vitano vya Uganda Technical College: Elgon karibu na Mbale, Lira, Bushenyi, Kichwamba karibu na Fort Portal, na Kyema karibu na Masindi. Vya biashara viko Aduku, Kabale, Pakwach, Soroti na Tororo. Vinafanya kazi kubwa, na Kichwamba imelipa kwa damu, maana waasi wa ADF walikichoma moto chuo hicho mwezi Juni 1998 na makumi ya wanafunzi wakafa mabwenini. Lakini katika orodha hiyo yote Kampala haimo. Mjini tunacho chuo cha ufundi cha Nakawa, kilichoanza mwaka 1971 kwa msaada wa Japani, na vingine vichache. Mfanyakazi wa Industrial Area mwenye mke na watoto, anayetoka kazini saa kumi na moja jioni, hawezi kwenda kulala bwenini Lira miaka miwili.

Wenzetu wengine walilitatua jambo hili kwa sheria. Katika jimbo la California, Marekani, mpango wa mwaka 1960 uligawa elimu ya juu mafungu matatu na kulipa kila fungu kazi yake. Fungu la chini ni vyuo vya jamii, ambavyo leo ni 116. Mtu mzima yeyote anaweza kuingia, hata bila cheti cha sekondari, akasoma mchana au jioni, na akimaliza vizuri miaka miwili anaweza kuhamia chuo kikuu aanzie mwaka wa tatu. Mpaka 1984 ada haikutozwa. Mpango huo una kasoro zake, kwa kuwa wengi wanaonuia kuhamia hawafiki. Hata hivyo jambo moja tulitazame: chuo cha chini hakikuvunjwa ili cha juu kijengwe.

Turudi Katwe. Kuna fundi pale amechomelea mageti miaka ishirini. Wahandisi wenye digrii humwita wakikwama, lakini akiomba kazi kiwandani anaambiwa hana karatasi, anaandikwa kibarua, na mshahara ni wa kibarua. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 ilimfungulia mlango kidogo. Chini yake ulianzishwa utaratibu uitwao Worker's PAS, ambao humpima mtu kwa ujuzi alioupata kazini na kumwandikia kazi anazoziweza, bila kumuuliza alisoma shule gani. Ni jambo jema. Ila karatasi hiyo inamwambia mwajiri unajua nini leo. Haikufundishi unachotaka kujua kesho, kama mitambo mipya inayoongozwa kwa kompyuta.

Kwa hiyo, matawi yanapokwenda kujadiliana na waajiri safari hii, mshahara usiwe peke yake mezani. Wawakilishi wadai ada ya mtihani wa ufundi ilipwe na kampuni, mfanyakazi apewe ruhusa ya kwenda kupimwa bila kukatwa siku, na aliyefaulu apandishwe daraja katika muda utakaotajwa kwenye mapatano. Kwa serikali tudai madarasa ya jioni katika karakana za umma zilizomo mjini. Nyingi hufungwa kwa kufuli jioni, saa ile ile mafundi wanapopita nje ya ua wakirudi nyumbani.