Jina Ukingoni mwa Nishani

Mpe mkusanyaji mzoefu nishani ya vita ya Uingereza, hataanza na sura ya mfalme. Ataigeuza ubavu, atwae lenzi, asome ukingoni: namba, cheo, jina na kikosi cha aliyeivaa. Fedha yenyewe si ghali sana. Anachonunua ni mtu.

Desturi hiyo ilishika mizizi kwa nishani ya Waterloo, mapigano ya 1815 yaliyommaliza Napoleon. Safari hiyo jenerali na mpiga ngoma walipewa nishani ya aina moja, kila moja imepigwa jina la mwenyewe.

Lakini jina bila historia ya kikosi halitoshi. Chukua nishani ya vita vya Wazulu, yenye bamba dogo juu ya utepe lililoandikwa "1879". Tarehe 22 Januari mwaka huo, Wazulu waliwafyeka Waingereza pale Isandlwana, wengi wao wakiwa wa kikosi cha 24 cha askari wa miguu. Jioni ileile, askari wapatao 150 walianza kuilinda kambi ya Rorke's Drift, wakaendelea hadi alfajiri, na 11 kati yao wakatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Aliyeletwa miezi kadhaa baadaye kuongeza nguvu naye ana bamba lilelile la "1879", ila mnadani bei ya nishani yake na ya mlinzi wa Rorke's Drift ni mbingu na ardhi. Kinachoamua ni orodha za waliotunukiwa nishani hiyo ya vita, zilizohifadhiwa Kew, London. Hapo mgeni hupotea njia kwa urahisi, maana mwaka 1881 kikosi cha 24 kilibadilishwa jina kikaitwa South Wales Borderers.

Penye pesa hapakosi wajanja. Wapo wanaosaga jina la asili na kuchonga la shujaa. Ndiyo maana wakusanyaji hupima kipenyo: nishani nyingi za aina hii zina milimita 36, na iliyosagwa hupungua kidogo.

Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 1902 liliundwa jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya, na mwaka huohuo ikaanzishwa nishani ya Africa General Service. Mabamba yake yanataja Somaliland, Nandi 1905-06 na mengineyo. La mwisho ni "Kenya", la vita dhidi ya Mau Mau. Kwa askari aliyelivaa ni kumbukumbu ya utumishi. Kwa familia iliyofungiwa kambini ni jeraha. Mkusanyaji anayeona upande mmoja tu hajaisoma nishani yake.

Nyota za Vita Kuu ya Pili ni shida nyingine, kwani zile zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa majina. Nyota ya Burma ya askari wa Keya ikitengana na vyeti vyake, haitofautiki na ya kijana wa Manchester. Nishani za fedha za Vita Kuu ya Kwanza zina majina, lakini fedha ilipopanda bei kupita kiasi mwaka 1980, nyingi ziliishia kwenye tanuri.

Kama babu aliacha moja sandukuni, usiisugue ing'ae, maana kusugua hula maandishi. Usimpelekee sonara aipime kwa gramu. Iweke pamoja na cheti chake cha kuondoka jeshini, na uandike kwenye karatasi jina lake kamili, namba yake na kijiji alikotoka, wangali hai wanaoyajua.