Kihami, kikombe na ombwe

Kihami (wingi: vihami) ni kitu kisichopitisha umeme kwa urahisi. Nomino hii imetokana na kitenzi hami, yaani linda, chenye asili ya Kiarabu. Mafundi wa umeme huviita vihami vya nguzoni vikombe. Jina hilo ni sahihi, ila halienei kote, kwani hewa nayo ni kihami.

Hewa, hata hivyo, haihami sawasawa kila mahali. Kileleni mwa Mlima Meru, kwenye zaidi ya mita 4,500, hewa ni nyepesi, hivyo cheche huruka kwa volteji ndogo kuliko Arusha mjini. Juu zaidi hatari huongezeka, kisha katika ombwe hupungua. Kwa hiyo vifaa vya volteji kubwa vya setilaiti, kama vipima eksirei vya Uhuru, iliyorushwa pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, havipaswi kuwashwa gesi ikiwa bado imesalia ndani, isipokuwa vimezibwa kwa kihami kigumu.

Basi, mfasiri asichanganye “hewa nyepesi” na “ombwe”: kosa hilo laweza kuunguza kifaa. Aepuke pia “waya uliohamiwa”, kwa kuwa hamiwa hutokana vilevile na hamia: “nyumba imehamiwa”. Aandike “waya wenye kihami”.